Saa Tatu za Kukagua Vyoo vya Mzenga

Kila ramani iliyotoka ofisini kwetu ilikuwa na visanduku vitatu kwenye kona ya chini, upande wa kulia. Amechora. Amekagua. Ameidhinisha. Cha tatu kilikuwa cha bosi na hakuna mwingine aliyekigusa. Viwili vya kwanza vilikuwa vyetu, mimi na mwenzangu, tuliokuwa kwenye mafunzo. Akichora yeye, nakagua mimi; nikichora mimi, anakagua yeye. Bosi alisema naye alifundishwa hivyo hivyo, kwamba anayekagua kazi ya mwenzake hujifunza mara mbili. Nilimuuliza kama kuna mtu aliyewahi kulithibitisha hilo. Akanitazama juu ya miwani.

"Wewe kagua kwanza," alisema. "Uthibitisho utakuja wenyewe."

Ofisi ilikuwa Maili Moja, Kibaha, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mabati na misumari. Mchana kutwa chini walikuwa wanakata bati, na sauti yake ilipanda hadi kwenye meno. Nilikuwa nimemaliza miaka mitano ya usanifu majengo chuoni, nina shahada, lakini shahada haikunipa ruhusa ya kupiga muhuri hata kwenye ramani ya banda la kuku. Kabla ya hapo lazima ufanye kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa, na uwe na kitabu cha mafunzo. Kila siku unaandika ulichofanya na saa ulizotumia, na msimamizi wako anasaini. Saa za kuchora, saa za kukagua, saa za vikao, saa za saiti. Zikitimia zote, bodi ya wasanifu inakuruhusu kufanya mtihani. Pengo likibaki sehemu moja tu, unasubiri mwaka mwingine.

Mimi nilikuwa na maswali juu ya mfumo wote ule. Nani alikaa akaamua kwamba mtu anakuwa msanifu akitimiza saa fulani, na siku moja kabla yake bado ni mwanafunzi? Nilimuuliza bosi. Nilimuuliza mwenzangu. Nilimuuliza hata sekretari, ambaye alinijibu kwamba mimba nayo ina miezi tisa na hakuna anayeandika barua ya kulalamika.

Lakini saa nilizitaka. Hapo sikuwa na swali lolote. Za kuchora nilikuwa nazo tele. Za saiti nilikuwa karibu sina, kwa sababu wateja wetu wengi walitaka ramani ya kuombea kibali tu. Wakishaipata wanaondoka na fundi wao na hatuwaoni tena. Mwenzangu naye alikuwa na pengo hilo hilo.

Ndipo ikaja kazi ya Mzenga. Shule ya msingi katika kijiji kimoja cha kata ile, upande wa Kisarawe: madarasa mawili, ofisi ya walimu na jengo la vyoo. Wanakijiji wangechimba, wangeleta mchanga na maji, fundi angejenga, na ofisi yetu ingesimamia. Bosi alihitaji mwanafunzi mmoja wa kukaa pale siku tatu kila wiki. Saa zake zilitosha kabisa kumfikisha mtu kwenye mtihani wa mwaka ule. Mtu mmoja.

Sikufikiri hata kidogo kwamba asingekuwa mimi. Mimi ni wa Mlandizi. Barabara ya kwenda Mzenga inaanzia kwetu. Mwenzangu alikuwa dada wa kutoka Njombe, aliyeijua Pwani kupitia kazi hii tu, na ambaye hadi mwezi wake wa tatu kazini alikuwa bado analalamikia joto kana kwamba kuna mtu analiwasha kwa makusudi. Jumatatu asubuhi bosi alitoka chumbani kwake na kofia ngumu mkononi, akaiweka juu ya meza ya mwenzangu.

Nilimfuata chumbani. "Bosi, kwa nini yeye?"

"Kwa sababu nikimtuma yeye saiti, atarudi na habari za saiti. Nikikutuma wewe, utarudi na hoja."

Mlango haukuwa umefungwa. Sekretari alikuwa anacheka kabla sijatoka.

"Pole kaka," alisema. "Baki na sisi. Tukipungukiwa hoja tutakuita."

Kuanzia siku ile niliishi na wivu kama mtu anayeishi na jino bovu: unafanya kazi, unakula, unaongea, na ulimi unarudi pale pale. Mwenzangu alirudi jioni na buti zenye udongo mwekundu, akazivua mlangoni kwa adabu, na nikaziona kuwa ni majivuno. Alirudi na mananasi aliyopewa na akina mama wa kamati, akatukatia sote, na langu nilikula nikiwa nalichukia. Alijifunza kusema "fundi, hapa hapana" kwa sauti ambayo hakuwa nayo alipokuja. Alipokwenda kunywa chai nilifungua kitabu chake cha mafunzo. Kusimamia upimaji wa msingi, saa sita. Kukagua nondo, saa nne. Kikao na kamati ya ujenzi, saa mbili. Na kila mstari una saini ya bosi. Changu kilisema: kuchora, kuchora, kurekebisha mchoro, kuchora.

Nilijiambia kuwa si wivu, ni kudai haki. Mtu aliyesoma hakosi jina zuri la kumpa mdudu aliye naye.

Jengo la vyoo lilichorwa mwisho, madarasa yakiwa yameshafika kwenye linta, juu ya madirisha. Alilichora yeye, likaja mezani kwangu kukaguliwa.

Nilikaa nalo saa tatu kamili. Naikumbuka hesabu hiyo kwa sababu niliiandika. Sikuwa namkagulia mwenzangu, nilikuwa nawinda. Mteremko wa sakafu, upo. Mabomba ya hewa, yapo. Umbali kutoka kisimani, sawa. Mlango wa mtoto wa kiti cha magurudumu, upana wake sawa. Jengo lilikuwa refu, limelala mashariki kwenda magharibi, kama tulivyofundishwa wote, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi tu. Matundu kumi kwa mstari mmoja, milango yote ikitazama madarasa. Kila tundu na sinki lake la kuchuchumaa, limepangwa ili anayechuchumaa autazame mlango. Kazi safi. Iliniuma.

Kisha nikauona mshale wa kaskazini. Kaskazini ilikuwa mlangoni.

Nilikuwa na miaka kama kumi baba mdogo alipomjengea babu choo kipya kule Mlandizi. Fundi alitoka mjini, akalipachika sinki, akamwaga zege, likakauka. Babu akaja kulitazama. Hakumwambia fundi neno. Alimgeukia baba mdogo. "Huku ndiko tunakoelekeza nyuso tukiswali," alisema. "Leo umenijengea nielekeze nini?" Zege lilivunjwa siku ile ile. Kwetu hakuna asiyejua kwamba choo hakielekei kibla wala hakikipi mgongo, na kibla kwa huku Pwani ni kaskazini, karibu sawasawa na mshale wa ramani. Mtu wa Njombe aliyelelewa kanisani angejulia wapi? Vitabu vyetu vya chuo vilisema habari za jua na upepo, habari za kibla havikuwa nazo.

Ningeweza kuinua kichwa. Meza yake ilikuwa hatua nne kutoka yangu, alikuwa anachonga penseli. Sentensi moja ingetosha.

Badala yake nikaanza kufikiri, kazi ninayoiweza kuliko zote. Nikajiuliza: mimi mwenyewe naamini? Sijaswali tangu mwaka wa pili chuoni. Kama naona kuwa upande ni upande tu, kwa nini nilete mambo ya babu kwenye ramani ya kitaalamu? Serikali haina dini, shule ni ya serikali. Tena si anasikiliza, huyu? Si ndiyo sababu alipewa saiti? Basi wanakijiji wamwambie wenyewe. Hoja zilikuja kwa mpangilio mzuri, kila moja imenyooka, na chini yao kulikuwa na kitu kimoja tu: nilitaka aanguke, na nilitaka bosi awe anatazama.

Nikasaini kisanduku cha pili. Kwenye kitabu changu nikaandika: kukagua ramani ya vyoo, saa tatu.

Wiki mbili baadaye fundi alipiga simu. Maji hayaletwi, mchanga hauletwi, akina mama wamekaa juu ya rundo la matofali na wamesema hakuna zege litakalomwagwa. Bosi alichukua funguo za pikapu. "Twendeni wote," alisema. Nilikaa dirishani. Mwenzangu katikati alikuwa anauliza njia nzima ni nini, ni nini, amekosea vipimo? Nilitazama mihogo ya watu ikipita.

Shimo lilikuwa limejengwa, nondo zimefungwa juu yake, na masinki kumi yamepachikwa kwenye nafasi zake tayari kwa zege la kesho yake. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mama mmoja mwembamba mwenye kanga begani na simu mkononi, hakusubiri bosi ashuke vizuri.

"Amechora nani hapa?"

"Mimi, mama," mwenzangu akasema. "Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Hebu njoo. Panda hapa juu ya mbao. Haya, chuchumaa."

Mwenzangu akamtazama bosi. Bosi alikuwa anatazama mikorosho.

"Chuchumaa tu, umevaa suruali, hatuoni kitu," mama akasema, na wenzake juu ya matofali wakaangua kicheko. "Usiogope, bado halijazinduliwa!"

Akachuchumaa, na kofia ngumu kichwani.

"Unatazama wapi?"

"Mlangoni."

"Mlango gani? Mmejenga mlango? Unatazama wapi?"

"Darasani."

"Na mbele zaidi ya darasa?"

Akafikiri. "Kaskazini."

"Huko ndiko tunakoswalia, mwanangu. Sasa mtoto wangu jioni madrasa anafundishwa aelekee huko kwa heshima zake. Asubuhi aje kwako, aelekee huko akiwa hivyo ulivyo."

Kicheko kililipuka tena, na mwenzangu naye, pale pale chini, akacheka, mkono mdomoni. Kisha akaacha kucheka. Aliposimama macho yalikuwa yamejaa maji. "Mama, sikujua. Wallahi sikujua," alisema, neno alilolichukua huku huku kwetu, na akina mama walilipenda.

"Mimi nafuata karatasi," fundi alijitetea. "Karatasi imesainiwa na wataalamu watatu."

"Watatu!" mama akasema. "Huyu mmoja, mzee huyu wa pili. Wa tatu yuko wapi?"

Bosi alinionyesha kwa kidevu.

"Kijana, kwenu wapi?"

"Mlandizi, mama. Shikamoo."

Hakuitikia. "Mlandizi. Muislamu?"

"Ndiyo, mama."

"Choo cha kwenu kinatazama wapi?"

Nilihisi bosi ameacha mikorosho yake. "Mashariki," nikasema.

"Na hili hukuliona?"

"Sikuangalia vizuri, mama."

Akanipa mgongo kama mtu aliyemaliza kununua. "Basi tukae na huyu asiyejua," akawaambia wenzake.

Nilichokitamani kilikuwa kimetimia, yaani kosa, aibu, bosi akiwa pale pale. Na katika saa mbili zilizofuata niliona kikigeuka mbele ya macho yangu. Mwenzangu aliomba kamba na chaki. Kuta za kugawa matundu zilikuwa bado hazijajengwa, kwa hiyo aliyageuza masinki yatazame magharibi, akapima, akaona kila tundu linahitaji kuwa pana zaidi, akawaambia ukweli: kumi yatakuwa manane. Mama mwenyekiti akasema manane hapana, watoto wapange foleni kama wa hospitali? Wakabishana. Mmoja alishauri chumba cha kuwekea mafagio kitolewe, mwingine akashauri ukuta wa mwisho usogee hadi ukingo wa shimo. Mwenzangu akachora kwa chaki juu ya mbao, akafuta, akachora tena, akina mama wamemwinamia mabegani, kila mmoja ana mlango wake wa kupendekeza. Wakafika tisa. Wakapiga vigelegele kwa matundu tisa ya choo. Kabla jua halijaanza kushuka ndoo za maji zilikuwa zinakuja.

Bosi aliuliza kitu kimoja tu: "Nondo zinatosha?" Akajibu zinatosha na akaonyesha kwa nini. "Endelea."

Mimi nilishika ncha ya kamba. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue mwenzangu, nilimwonea wivu wa kosa lake. Hakuna siku yoyote chuoni wala ofisini niliyowahi kuona mtu akijifunza kiasi kile kwa saa mbili, na kosa lingeweza kuwa langu kama ningepewa saiti mimi, ila mimi nisingelifanya, kwa sababu nilikuwa najua. Nilijiona nimeibiwa hata ujinga.

Tukiwa njiani bosi alisema, bila kumlenga mtu, kwamba yeye mwenyewe ni mtu wa Bukoba, amekaa Kibaha miaka mingi, ameidhinisha mchoro ule na suala la kibla halikumpitia kichwani. "Hilo nitaliandika," alisema. Nikadhani yameisha.

Kesho yake asubuhi alituita na vitabu vyetu. Alisaini cha mwenzangu, mstari kwa mstari, hadi siku ya jana yake, ambayo alikuwa ameiandika: kurekebisha kosa langu na kamati, saa mbili. Akafungua changu. Kalamu ikasimama.

"Kukagua ramani ya vyoo, saa tatu," alisoma. "Jana ulimwambia yule mama kuwa hukuangalia vizuri. Kama hukuangalia, saa hizi si zako, nazifuta. Kama uliangalia, niambie uliona nini."

Chini walianza kukata bati. Nilikuwa na hoja. Nilikuwa na ile ya serikali kutokuwa na dini, na ile ya upande kuwa ni upande tu, na zote zilisimama mlangoni zikagoma kuingia. Saa tatu si nyingi. Ningeweza kuziacha zifutwe nikaonekana mvivu tu, na mvivu husamehewa. Lakini sikuwa nimekuwa mvivu. Katika mafunzo yangu yote sijawahi kukagua karatasi kwa makini kama ile.

"Niliona," nikasema.

"Lini?"

"Siku ile ile. Kabla ya kusaini."

Mwenzangu alikuwa amesimama pembeni yangu, kitabu kifuani.

Bosi alisaini zile saa tatu. Kwa kweli alizisaini. Alisema nilizifanyia kazi na yeye hafuti kazi. Kisha akafunga kitabu. "Saiti ya madarasa ya Mlandizi nilitaka nikupe wewe mwezi ujao, ungetimiza saa zako kabla ya mtihani. Sikupi. Saiti ni mahali pa kusema unachokiona. Mwaka ujao tutaongea."

Mwenzangu hakunisemesha siku mbili. Ya tatu alikuja mezani kwangu, akavuta kiti.

"Nilikukosea nini?"

Nikaanza, "Unajua, ukiangalia suala la dini katika majengo ya umma..."

"Sikuulizi dini. Nakuuliza wewe."

"Ulipewa saiti," nikasema. Likisemwa kwa sauti, lilikuwa jambo dogo mno.

"Basi kaa hapa," alisema, na akatandika michoro yote ya Mzenga, karatasi saba. "Niambie kingine chochote ulichokiona ukanyamaza." Nilimwambia viwili: upande ambao mvua ya masika hupiga, na kibaraza ambacho wazee wangekaa siku ya kikao kikiwa juani. Aliviandika vyote. Hakushukuru, na mimi nilikaa pale nikihesabu kwamba sasa ana saa zake na nilivyoviona mimi pia.

Mtihani ulipofika, yeye alikwenda Dar na mimi nilibaki Maili Moja nikichora geti la mtu. Nitasema lilivyokuwa. Niliomba, mimi ambaye siombi. Sikuomba afeli mtihani wote, niliomba akwame kwenye swali moja tu, mbele ya jopo, anyamaze kimya na wamwone.

Alirudi siku ya pili, amechoka, amevaa viatu vya sherehe. Nikamuuliza kulikuwaje. Alisema kulikuwa kugumu, kuna moja amelikosa kabisa, na kwa muda wa kama dakika tano nilikuwa mtu mwenye furaha. Kisha akavuta kiti kile kile, akafungua daftari. "Andika," alisema, "maana mwakani ni zamu yako." Akanisomea maswali yote waliyomuuliza, moja moja, pamoja na lile alilolikosa na jibu ambalo alikuja kulikumbuka akiwa ameshatoka nje ya mlango. Nikaandika.